Neno la nyuki na kamusi ya simu: tathmini ya mwaka mmoja

Agosti ya mwaka jana, nikiwa nimetoka kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni na mfuko uliojaa kadi za watu waliotaka asali, nililipa shilingi 15,000 ili nitumie kwa mwaka mzima programu ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili katika simu yangu. Jina lake sitalitaja. Kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuwaandikia watengenezaji wenyewe, na isitoshe nimejaribu programu nyingine mbili za aina hiyo nikakuta zinajikwaa palepale, kwa hiyo anayefikiria kununua yoyote kati yake ataweza kuipima kwa kipimo nilichotumia mimi. Kipimo hicho ni neno moja.

Nieleze kwanza kwa nini mfuga nyuki anahitaji kamusi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji ambao mizinga yao imetundikwa katika vichaka vya upande wa Manyoni, ingawa ofisi yetu, yaani chumba kimoja chenye meza, mzani na ndoo za asali, iko Nkuhungu jijini Dodoma. Barua za wanunuzi wa nje huja kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha darasani: najua sarufi, lakini mtu akianza kuzungumza kama anavyozungumza nyumbani kwake, naachwa njiani.

Kwa kazi za kawaida programu hii ni nzuri, na haki yake niitaje mapema. Inafanya kazi bila intaneti, jambo lenye thamani kubwa kwa mtu anayeshinda porini mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda juu ya kichuguu. Herufi zake zinasomeka juani. Aliyelipa hasumbuliwi na matangazo. Majina ya vitu vinavyoshikika, kama vile nta, sega, chavua, malkia na kichujio, inayatoa bila kusita na bila kukosea, na hata neno 'drone', ambalo kwa Kiingereza ni dume la nyuki, ni mvumo mzito usiokatika na ni ndege isiyo na rubani, wameligawa vizuri katika maana zake zote tatu. Ningeishia hapo ningeipa nyota tano.

Mambo yaliharibika nilipofika kwenye 'buzz'. Hili ni neno la Kiingereza lililoundwa kwa kuiga mlio; ukilitamka polepole na kuiacha sauti ya mwisho iendelee kinywani, unamsikia nyuki. Nasi tunayo maneno ya namna hiyo, tunayaita tanakali za sauti, na hatuyaonei haya: mtu huanguka pu, jiwe huingia majini chubwi, na pikipiki imepewa jina kwa mlio wa injini yake. Lakini tanakali zetu nyingi hukaa palepale zilipozaliwa, ilhali 'buzz' ni neno la kutembea. Limetoka mzingani likaingia ofisini, kwenye simu, kwa kinyozi, baa na sokoni, na kila lilikofika limeacha maana. Programu yangu ililifasili kwa mistari mitatu: mlio wa nyuki; kelele; kubipu. Hapakuwa na sentensi ya mfano hata moja, wala alama ya kuonyesha kwamba maana fulani ni ya mazungumzo tu.

Mwezi wa Oktoba tulipata barua pepe kutoka kwa mnunuzi wa Uingereza ambaye tulikuwa tumemtumia asali ya kuonja. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba miongoni mwa wateja wake kulikuwa na 'a real buzz' juu ya asali ya Tanzania ya kati, na ya mwisho ilituomba 'give me a buzz on Thursday'. Wanakikundi kumi na mmoja walikuwa wameketi wakinisubiri, wengine wamekuja kwa bodaboda na dereva bado yuko nje, nami nikasoma kile simu ilichonipa: kuna mlio wa nyuki kwenye asali yetu.

Chumba kilinyamaza. Mwenyekiti wetu, mzee aliyeanza kurina asali kabla mimi sijazaliwa, alivua kofia akaiweka gotini.

"Katibu, mwanangu," akasema, "nyuki hawalii juu ya ndoo bure. Ukiona wameizunguka, ujue kifuniko kimelegea na asali inavuja. Huyu bwana anatulalamikia kwa adabu."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu kwa mujibu wa kazi yetu alikuwa sahihi kabisa. Tulitumia saa mbili kukagua vifuniko vya ndoo 40 zilizokuwa ghalani, tukivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, na viwili tukavikuta kweli vina ufa, jambo lililompa mzee ushindi ambao sijathubutu kumnyang'anya hata baada ya kujua mnunuzi alimaanisha nini.

Alhamisi nayo ilikuwa na mambo yake. Kwa kuwa kamusi ilisema kubipu, mwenyekiti alichukua simu ya kikundi saa nne asubuhi, akapiga namba ya Uingereza, ikaita mara moja, akakata. Baada ya nusu saa akarudia. Sheria ya kubipu inajulikana na kila Mtanzania: anayebipiwa ndiye anayepiga, kwa kuwa ndiye mwenye salio. Mwingereza hakulelewa katika sheria hiyo. Aliona simu mbili zimekatika, akadhani mtandao wetu ni mbovu, akasubiri tupige tena; nasi tukasubiri apige yeye. Kufikia magharibi pande zote mbili zilikuwa zimenuna kidogo, mpaka alipoandika kuuliza kama bado tunaitaka biashara.

Kosa hilo la kamusi linaeleweka lilikotoka, ingawa halisameheki. Kubipu nako ni kizazi cha mlio, kwani kumetokana na 'beep', neno jingine la Kiingereza la kuiga sauti, ambalo sisi tumelipokea, tukalivika kiambishi na kulipa kazi ambayo Waingereza hawakuitarajia. 'Buzz' ya simu ina ukoo mwingine: kuna kifaa cha umeme kinachovuma ili kumwita mtu, wao hukiita 'buzzer', na kutoka hapo kumpa mtu 'buzz' kukawa ni kumpigia simu, simu kamili ya kuzungumza. Kwa Kiswahili ni "nipigie" tu. Mtunzi wa kamusi aliona maneno mawili ya mlio, yote ya simu, akayafunga kamba moja.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, inahusu ule mstari wa kwanza wa barua, kwa sababu pale kamusi haikuhitaji kwenda mbali. Jibu lilikuwa nyumbani. Kiswahili kina kitenzi kuvuma. Nyuki huvuma, upepo huvuma, bahari huvuma, ngoma huvuma. Kitenzi hicho kimetoka sikioni kikaingia katika habari za watu, sawasawa na 'buzz' ilivyofanya kwa Waingereza. Mwanamuziki akipendwa kila kona tunasema anavuma, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Habari inayozunguka bila mwenyewe ni uvumi, na anayeizungusha anaivumisha. Kiingereza nacho kinaitumia 'buzz' kwa habari za namna hiyo, zile zinazosikika kabla hazijathibitishwa. Hata wanasarufi walipotafuta jina la neno linaloipa nomino sifa zake, walilitoa humohumo: kivumishi.

Kwa hiyo sentensi ya mnunuzi ilikuwa na tafsiri iliyo tayari: asali ya Tanzania ya kati inavuma miongoni mwa wateja wangu. Tafsiri hiyo ina maana yake na ina nyuki wake ndani. Ninaamini aliyeandika alicheza na neno kwa makusudi, maana anauza asali na alijua anawaandikia wafuga nyuki, na Kiswahili kingeupokea mchezo wake mzima bila kudondosha kitu. Kamusi ikautupa.

Kuna neno gumzo pia, ambalo wengine wangelipendelea: asali yetu imekuwa gumzo. Si baya, ila mimi naona tofauti ndogo. Gumzo linahitaji watu wanaokaa na kuzungumza, lina baraza na kahawa ndani yake. Kuvuma kunaweza kutokea hata pasipo mtu mmoja kujua nani alianza kusema. Kuvuma kuna kivuli chake vilevile, kwani ngoma ivumayo haidumu, na 'buzz' ya Waingereza wakiizungumzia bidhaa ina harufu hiyohiyo ya kitu kinachoweza kwisha kabla ya msimu kwisha. Mfuga nyuki anayesoma barua ya biashara anahitaji kukijua kivuli hicho kabla hajaongeza mizinga kwa mkopo. Kamusi nzuri ingempa maneno yote mawili na sentensi moja moja ya kuonyesha yanavyotofautiana.

Nikageuza programu upande wa pili, yaani kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, nikaandika vuma. Nilipewa kuvuma kwa upepo na kunguruma kwa simba, basi. Hakuna njia ya kurudi kwenye 'buzz'. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi kitu hiki kilivyotengenezwa: pande mbili za kamusi zimeandikwa na watu wasiosalimiana. Aliyefasili neno la Kiingereza alilitazama likiwa upande wa Kiingereza, akatafuta kitu kinacholingana nalo kwa juu juu, wala hakuingia chumbani mwa Kiswahili kuangalia kilichokuwa kimewekwa pale miaka yote.

Fasili ya pili, kelele, ndiyo iliyoniudhi zaidi, na sababu yake ni ya kwetu. Anayeishi Dodoma hukutana na ilimba, ala ya Wagogo yenye vijiti vya chuma vinavyochezeshwa kwa vidole gumba juu ya kisanduku cha mbao. Fundi hutoboa tundu kwenye kisanduku na kulifunika kwa utando laini unaotokana na buibui, na kila noti inapopigwa utando ule hutetema na kuongeza sauti ya kuwasha, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kibuyu. Hayati Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti hiyo kwenye majukwaa ya nchi nyingi, na wanaoandika juu yake kwa Kiingereza huiita 'buzz'. Niliombwa niweke Kiswahili kwenye maelezo mafupi ya ala hiyo kwa ajili ya wageni, na kamusi ikanielekeza niandike kelele. Fundi anayetafuta utando asubuhi nzima hafanyi hivyo ili apate kelele. Niliandika mvumo, na aliyeniagiza, ambaye baba yake alikuwa mpigaji, alisoma mara moja akatikisa kichwa kukubali.

Maana nyingine nitazipitia kwa haraka. Kufukuza mtu kwa 'buzz off' ni kumwambia ondoka zako, tena kwa ukali usiofaa kwa mkubwa, programu haina. Ndege inayopita chini sana juu ya mapaa nayo huambiwa kwamba ina-'buzz' nyumba, programu haina. 'Buzzword', neno la mtindo ambalo kila mkutano unalirudia mpaka linapoteza ladha, ipo, lakini imefasiliwa "neno la nyuki", na hapo nilicheka kwa sauti ndani ya daladala.

Ya kulewa inastahili sentensi zaidi ya moja. Mtu aliyekunywa kidogo akachangamka, hajalewa wala hayuko kavu, kwa Kiingereza ana 'buzz', na anayemharibia furaha hiyo anaiua. Kiswahili cha mtaani kina neno lake kamili, stimu, na tendo lake kamili, kumkatia mtu stimu, linalotumika hata pale pasipo na pombe, kwa mfano jirani anapozima redio katikati ya matangazo ya mpira. Kamusi imelikimbia neno hili katika pande zote mbili. Nadhani waliona si neno la heshima. Lakini anayefungua kamusi anatafuta maana, na akitaka mahubiri anajua yanapotolewa.

Kwa kinyozi nilikwenda na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyekuwa na picha kwenye simu yake iliyoandikwa 'buzz cut'. Nilifungua programu kwa ujanja wa mtu aliyelipia, nikakuta kwamba haitambui maneno yanayoambatana. Ilinipa mlio wa nyuki, kisha ikanipa kata. Kinyozi wetu wa Area C hakuwa na shida. Aliitazama picha, akawasha mashine, ikavuma hewani karibu na sikio la kijana, akauliza, "Namba moja au namba mbili?" Jina la mtindo ule linatokana na mlio huo huo wa mashine, na alikuwa amelielezea bila kutaka.

Jaribio la mwisho lilikuwa la utani. Programu ina sehemu ya kutafsiri sentensi nzima, nami niliiandikia kwamba Buzz Aldrin alitembea juu ya mwezi mwaka 1969. Ilinijibu kwamba mlio wa nyuki Aldrin alitembea juu ya mwezi. Jina hilo lina kisa ambacho kamusi yenye moyo ingekitia hata pembeni: mwanaanga huyo alizaliwa mwaka 1930 akaitwa Edwin, lakini mmoja wa dada zake wakubwa, naye akiwa bado mtoto, alishindwa kutamka neno la Kiingereza la kaka, akawa anasema 'buzzer', nyumba nzima ikamfuata, na mwaka 1988 mwenyewe akaenda kulifanya kuwa jina lake la kisheria. Ulimi wa mtoto ulilitengeneza bila nyuki yeyote kuhusika, nayo programu ikamtafutia nyuki.

Niliwaandikia watengenezaji mwezi wa Novemba, nikiwapa orodha ya maana tisa zenye mifano. Walinijibu baada ya wiki mbili kwa lugha ya heshima, na toleo la Januari lilikuja na mstari wa nne: kupiga simu. Kubipu hawakukuondoa. Kelele ipo. Kuvuma hakujaingia mpaka ninapoandika haya, ingawa nilikuwa nimekuweka juu kabisa ya orodha na kukupigia mstari.

Hukumu yangu ni nyota tatu kati ya tano. Mwanafunzi wa sekondari anayetafuta majina ya vitu, au mfanyabiashara anayetaka kusoma lebo na orodha za bei, atapata thamani ya fedha yake, na kwa kazi isiyohitaji intaneti sijaona inayoishinda. Anayeandikiana barua na watu, hasa watu wanaoandika kama wanavyoongea, asilipe mwaka mzima. Alipe mwezi mmoja kwanza, na siku ya kwanza aijaribu kwa neno lolote la mlio, kwani hayo ndiyo yanayoonyesha kama mtunzi alizijua lugha mbili au alijua moja na kubahatisha nyingine. Akipewa mlio peke yake bila maana zilizozaliwa nao, ajue hata vitenzi vya kawaida vitamwangusha.

Muda wangu wa kulipia unakwisha mwezi ujao, na sijaamua. Mnunuzi wa Uingereza alichukua ndoo 12 mwezi wa Machi. Mwenyekiti siku hizi hampigii bila kuniuliza kwanza kama kikundi kina salio la kutosha, na kila barua mpya inapofika huuliza jambo moja kabla sijaanza kuisoma: kama kuna nyuki ndani yake.